Feni yazunguka, gari lachemka

Mpenzi msomaji, kuna kosa dogo la nyaya mbili lililomnyima shangazi yangu nafasi ya kumtazama uso kakake kwa mara ya mwisho. Naomba nikueleze lilivyotokea, maana huenda hata gari lako, hapo nje lilipo, lina kosa lilo hilo.

Tuliondoka Mombasa saa kumi na mbili alfajiri kuelekea Witu. Mimi, mke wangu, watoto wawili na shangazi. Habari ya msiba ilikuwa imetufikia usiku, na mazishi yalipangwa baada ya sala ya adhuhuri. Nilipiga hesabu kwamba saa nne tungekuwa Garsen, na kabla ya saa sita tungekuwa tumefika. Gari lilikuwa limetoka gereji wiki hiyo hiyo, limefungwa mota mpya ya feni. Kwa hakika nililiamini kuliko wakati mwingine wowote.

Tulipita Malindi, tukapita Gongoni na Marereni penye mashamba ya chumvi, na mshale wa joto haukutikisika. Kumbe mambo yalikuwa mbele. Karibu na Minjila tulikuta kundi la ng'ombe wa Waorma likivuka barabara, na ng'ombe, kama ujuavyo, hana haraka ya mazishi ya mtu. Tukasimama. Mshale ukaanza kupanda. Ng'ombe walipokwisha nikaenda kasi kidogo, nao ukashuka. Kwenye kizuizi cha polisi ukapanda tena. Tulipoingia mjini Garsen, mvuke ulikuwa ukifuka chini ya boneti, na watoto wakauliza kama gari linaungua.

Hapa tusimame kidogo, msomaji, kwa kuwa gari lilikuwa limeshasema ugonjwa wake, ila mimi sikulisikia. Gari linapokwenda kasi, upepo wa njiani hupita katikati ya rejeta na kuyapoza maji. Feni haina kazi kubwa. Linaposimama au kutambaa, upepo huo haupo, na hapo ndipo feni hutakiwa. Kwa hiyo gari linalochemka likiwa polepole na kupoa likiwa mbioni, aghalabu shida yake iko kwenye feni. Lile linalochemka hata likiwa mbioni, tazama kwingine: rejeta iliyoziba, pampu ya maji iliyochoka, thamostati iliyokwama ikiwa imefunga, au maji yaliyopungua.

Nilizima injini tukakaa chini ya mti. Kijana mmoja alikuja mbio na kitambaa mkononi, tayari kufungua kifuniko cha rejeta. Nilimzuia. Kifuniko kile huyabana maji ili yasichemke upesi. Katika nchi tambarare ya pwani kama Garsen maji ya kawaida huchemka yakifika nyuzi 100. Yakibanwa na kifuniko kizima huweza kufika karibu nyuzi 120 kabla ya kuchemka. Ukikifungua ghafla, shinikizo huondoka, na sehemu ya maji hugeuka mvuke mara moja na kuruka, usoni pako. (Wewe wa Nairobi ujue kwamba huko juu maji huchemka kwenye nyuzi 95 hivi. Kifuniko kilichochakaa, ambacho bei yake ni ndogo, chaweza kukuchemshia gari kwenye foleni hali kila kitu kingine ni kizima.) Subiri nusu saa au zaidi, hadi uweze kuibana hozi ya juu kwa mkono bila kuungua. Wala usimwagie injini yenye moto maji baridi, kwani silinda hedi hupasuka.

Kijana huyo akashauri tuing'oe thamostati tuitupe. Bila shaka umewahi kuusikia ushauri huu. Mafundi wetu wengi huutoa kama watu wanaoagiza chai. Katika baadhi ya injini hautaona madhara ya haraka. Lakini ziko injini, zikiwemo nyingi za Toyota, ambazo thamostati yake hufanya kazi mbili: ikifungua njia ya rejeta, huiziba ile njia ya mkato inayoyarudisha maji kwenye injini bila kupozwa. Ukiing'oa, mkato hubaki wazi, maji mengi hupita huko, na gari huzidi kuchemka. Nikakataa.

Mwingine akaleta maji ya Mto Tana kwa mtungi, mekundu kama chai ya maziwa. Mto ule hutoka nyanda za Mlima Kenya na Aberdare, na hubeba udongo wa njia yote hiyo. Udongo huo ukiingia kwenye vijibomba vya rejeta hutulia humo. Ukilazimika, yachuje kwa kitambaa kizito, kisha uyamwage yote ufikapo. Maji ya visima vya pwani nayo mengi yana chumvi, na chumvi hula chuma. Sisi tulitumia maji ya kunywa ya watoto.

Shangazi hakulalamika. Aliniuliza mara moja tu, "Mwanangu, ni saa ngapi?" Nikamwambia ni saa tano. Alinyamaza akavuta tasbihi yake.

Tuliwasha gari, nikafungulia ekoni ili feni ilazimike kuzunguka. Ikazunguka, tena kwa nguvu. Basi sote tukakubaliana kuwa feni ni nzima, na hilo ndilo lililotupotezea saa nzima nyingine. Tulikagua fyuzi na rilei za bure. Tuliitazama rejeta kama mapezi yake yameziba kwa mbegu za majani na tope, jambo la kawaida sehemu ile, hasa baada ya mafuriko kama yale ya mwishoni mwa 2023 yaliyoikata barabara ya kwenda Lamu. Ilikuwa safi. Tulitazama mafuta ya injini kama yamegeuka meupe kama maziwa, dalili kwamba gasketi ya hedi imekwenda. Yalikuwa sawa. Mtu mmoja akasema nirudi Malindi nikanunue rejeta nyingine.

Saa sita na nusu ndipo alipofika fundi mzee aliyekuwa shambani akitengeneza pampu ya maji. Alimwamkia shangazi kwanza, akampa pole, kisha akaniuliza swali moja: "Ndugu yangu, limefanywa nini juzi?" Nikamwambia, mota ya feni. Hakugusa spana. Aliokota ukurasa wa gazeti kiti cha nyuma (ndiyo, lilikuwa gazeti hili) akaushika mbele ya grili, feni ikizunguka. Ukurasa ulipeperuka ukamrudia kifuani.

"Inapuliza," akasema. "Ilitakiwa ivute."

Feni iliyoko nyuma ya rejeta kazi yake ni kuvuta hewa kutoka mbele. Mota yake ni ya umeme wa betri, na ukigeuza nyaya zake mbili, chanya na hasi, huzunguka kinyumenyume. Huko gereji walikuwa wamezigeuza. Ikawa kila maji yakipata moto feni inawaka, inausukuma nyuma hata ule upepo mdogo uliokuwapo, na kulirudishia gari joto lake lenyewe. Mzee alizikata nyaya, akazibadilisha, akafunga utepe. Dakika kumi. Ukurasa wa gazeti safari hii uliganda kwenye grili. Alipojua tunakokwenda alikataa fedha.

Kama feni yako haizunguki kabisa, ichomoe plagi yake uiunganishe moja kwa moja na betri. Ikizunguka, mota ni nzima, tafuta kwenye fyuzi, rilei au sensa ya joto. Isipozunguka, mota imekufa. Katika magari mengi ya zamani ya Toyota ukichomoa waya wa sensa, ufunguo ukiwa umewashwa, feni hutakiwa kuanza yenyewe. Na ukishikwa njiani, zima ekoni, fungulia hita mpaka mwisho na madirisha yote. Mtatoka jasho, lakini hita ni rejeta ndogo, nayo huvuta joto kutoka injini. Mshale ukiendelea kupanda, simama.

Tuliingia Witu saa nane. Wanaume walikuwa wakirudi kutoka makaburini, viatu vina mchanga. Shangazi alishuka kabla sijazima injini, akaenda kukaa na wifi yake ndani, na hadi leo hajanitajia lile gari. Nyuma yangu feni iliwaka, ikavuta hewa kidogo, ikazima yenyewe.

Jumapili ijayo tutazungumza juu ya mikanda ya injini, na kelele zake za asubuhi.