Msomi Mlangoni pa Ubalozi: Sharti la Kurudi na Mustakabali wa Utafiti wa Kiswahili

Wahenga waliponena kuwa mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe, walikuwa wameitunga kanuni nzima ya uhamiaji katika sentensi moja fupi. Kanuni hiyo ina sehemu mbili. Kwanza, mgeni hakabiliwi na masharti mlangoni. Hukaribishwa, hulishwa na kulazwa, na baadaye ndipo wajibu wake unapotajwa. Pili, wajibu wenyewe ni kushirikiana na mwenyeji katika kazi. Viza ya leo imezipindua sehemu zote mbili. Mgeni huhojiwa kabla hajafunga mzigo wake, na jambo kuu analotakiwa kulithibitisha ni kwamba hatathubutu kuligusa jembe la mwenyeji.

Makala haya hayakusudii kuomboleza. Yanakusudia kulichunguza sharti moja tu miongoni mwa masharti mengi ya viza, nalo ni lile la kuthibitisha kuwa utarudi kwenu, na kudhihirisha jinsi linavyomwathiri mwanafunzi wa Kiswahili katika viwango vya uzamili na uzamifu. Hoja yangu ni kwamba sharti hili huupima uaminifu wa mtu kwa mizani ya mali, na kwa sababu hiyo humfungia nje mtu yule yule ambaye makongamano na maktaba za ng'ambo hudai kumhitaji.

Yamkini msomaji atauliza: mwanafunzi wa Kiswahili ana haja gani ya kwenda Ulaya ilhali lugha yenyewe iko hapa? Swali hili aghalabu huulizwa kwa kejeli, ila lina jibu. Sehemu kubwa ya kumbukumbu za fasihi yetu haiko hapa. Mashairi ya Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyefariki mwaka 1840, yalikusanywa na mmishenari W. E. Taylor kwa msaada mkubwa wa Mwalimu Sikujua, na karatasi za Taylor sasa zimehifadhiwa katika maktaba ya SOAS, London. Nakala kongwe ya Utendi wa Tambuka, ambayo huhusishwa na mwaka 1728, imo Hamburg. Miswada hiyo ilivuka bahari bila kuulizwa itarudi lini. Ni kweli kwamba baadhi ya miswada ya SOAS imewekwa kwenye intaneti, na jambo hilo ni la kushukuriwa. Hata hivyo, anayehakiki utendi ulioandikwa kwa hati za Kiarabu hana budi kuiona karatasi yenyewe, wino wake na masahihisho ya pembezoni.

Fauka ya maktaba, kuna makongamano. Tangu mwaka 1987, Chuo Kikuu cha Bayreuth nchini Ujerumani kimekuwa kikiandaa Kongamano la Kiswahili ambalo aghalabu hufanyika kila mwaka. Humo nadharia mpya hujadiliwa, vitabu hupata wahakiki na wanafunzi hupata wasimamizi. Hakuna ubaya wowote katika hilo. Waandaaji wamekitumikia Kiswahili kwa moyo mkunjufu. Kinaya kipo kwingine. Katika kongamano la Kiswahili, anayeweza kuingia ukumbini bila wasiwasi ni yule aliyejifunza Kiswahili darasani Ulaya, ilhali aliyekinyonya pamoja na maziwa ya mama hana budi kwanza kumshawishi afisa wa ubalozi kwamba hatapotelea vichochoroni.

Hebu tuyatazame masharti yenyewe. Anayetaka kuzuru nchi za Schengen kwa muda usiozidi siku 90 huhitaji pasipoti iliyotolewa ndani ya miaka 10 iliyopita, yenye angalau kurasa mbili tupu, na itakayoendelea kutumika kwa angalau miezi mitatu baada ya siku ya kuondoka huko. Huhitaji pia bima ya usafiri isiyopungua yuro 30,000, uthibitisho wa malazi na wa fedha za kujikimu, barua ya mwaliko na alama za vidole. Ada ya maombi ilipandishwa kutoka yuro 80 hadi 90 mwezi Juni 2024. Hizo ni zaidi ya shilingi 12,000 za Kenya, na hazirudishwi hata ombi likikataliwa. Haya yote ni mazito kwa mwanafunzi, lakini hayashindikani. Barua ya mwaliko hupatikana, bima hununuliwa, na mara nyingine wenyeji hulipa nauli.

Kizingiti hasa ni kingine. Kanuni za Viza za Umoja wa Ulaya za mwaka 2009 zinaruhusu ombi kukataliwa iwapo kuna shaka ya kimsingi kuhusu nia ya mwombaji ya kuondoka kabla ya viza kwisha. Nia imo moyoni, na moyo wa mtu ni msitu wa giza. Kwa kuwa afisa hawezi kuupenya msitu huo, hutafuta ishara za nje: kazi ya kudumu, taarifa za benki za miezi kadhaa, hatimiliki ya shamba, cheti cha ndoa, vyeti vya kuzaliwa vya watoto. Kwa lugha nyepesi, hutafuta kamba zilizomfunga mtu kwao.

Sasa mweke mwanafunzi wa uzamili kwenye mizani hiyo. Ana umri wa miaka 27. Hana kazi ya kudumu kwa sababu anasoma. Hajaoa au hajaolewa kwa sababu anasoma. Shamba ni la babu yake, na hatimiliki ina jina la babu. Akaunti yake ya benki hupokea pesa mwanzoni mwa muhula na kukauka kabla ya mwezi kwisha. Kila kinachomfanya awe mwanafunzi kinamfanya awe mshukiwa. Kilichomfunga kwao ni tasnifu ambayo haijakamilika, msimamizi anayemsubiri na lugha ambayo haina soko kubwa kuliko hapa nyumbani. Hizo ni kamba madhubuti, ila hazina mhuri.

Mwanafunzi mwenzangu alialikwa kuwasilisha makala kuhusu nyimbo za unyago katika kongamano moja la ng'ambo. Wenyeji walijitolea kumlipia nauli, malazi na chakula. Ubalozi mmoja jijini Nairobi ulimrudishia pasipoti pamoja na fomu ambamo kisanduku kimoja kilikuwa kimetiwa alama: nia yake ya kurudi haikuweza kuthibitishwa. Hakuulizwa swali hata moja kuhusu nyimbo hizo, wala kuhusu wanawake waliomwimbia na ambao alikuwa amewaahidi kuwarudia mwezi uliofuata ili wazikague tafsiri zake. Makala yake yalisomwa ukumbini na mtu mwingine ambaye hakuweza kulijibu hata swali moja la hadhira.

Asidhani msomaji kwamba hiki ni kilio cha idara moja. Mnamo Julai 2019, kamati za wabunge wa vyama mbalimbali nchini Uingereza zilichapisha ripoti kuhusu matatizo ya viza kwa wageni kutoka Afrika. Zilibainisha kuwa uwezekano wa Mwafrika kunyimwa viza ya Uingereza ulikuwa zaidi ya maradufu ukilinganishwa na ule wa mwombaji wa sehemu nyingine yoyote ya dunia. Mwaka 2022, kongamano la kimataifa kuhusu UKIMWI liliandaliwa mjini Montreal, Kanada, na wajumbe wengi wa Afrika walinyimwa viza au hawakujibiwa kwa wakati, ilhali Afrika ndiyo iliyobeba mzigo mkubwa zaidi wa maradhi hayo. Iwapo madaktari na wauguzi walibaki nje, sembuse mhakiki wa tenzi?

Mlango wa kukata rufaa nao unazidi kufinywa. Hadi mwisho wa Juni 2025, aliyenyimwa viza ya Ujerumani aliweza kuuandikia ubalozi ule ule barua ya kupinga uamuzi, bila malipo. Tangu tarehe 1 Julai 2025 utaratibu huo umefutwa kote duniani. Kilichosalia ni kuomba upya kwa ada mpya, au kufungua kesi katika mahakama ya utawala mjini Berlin. Nchini Marekani, mwezi Agosti 2025 ulianzishwa mpango wa majaribio wa kuwatoza baadhi ya wageni dhamana ya kati ya dola 5,000 na 15,000, ambayo hurudishwa mtu akiondoka kwa wakati. Nchi za kwanza kuwekwa katika mpango huo zilikuwa Malawi na Zambia. Hapa mizani ya mali haifichwi tena: ahadi ya mtu imewekewa bei.

Mantiki hii si ngeni kwetu. Sheria ya Usajili wa Wenyeji ya mwaka 1915, iliyotekelezwa baada ya Vita Vikuu vya Kwanza, ilimlazimu kila mwanamume Mwafrika aliyetimiza miaka 16 kubeba kipande. Kilikuwa na alama za vidole vyake na rekodi ya waajiri wake, nacho kilining'inizwa shingoni ndani ya kibweta cha chuma. Harry Thuku na wenzake walikipinga mwanzoni mwa miaka ya 1920. Sisemi kwamba viza ni kipande. Hakuna anayelazimishwa kwenda Ulaya, na kila taifa lina haki ya kulinda mlango wake. Ninachosema ni kwamba vyote viwili vina dhana moja: neno la mtu halitoshi mpaka pawepo kitu au mtu mwingine anayemshikilia.

Upande wa pili wa hoja nao ni sharti usikizwe. Wapo wenzetu walioalikwa kwa wiki moja wakakaa miaka. Wapo mawakala wa mitaani wanaouza taarifa bandia za benki na barua za waajiri wasiokuwepo, na kila hati ya kughushi inayonaswa humtia doa mwombaji mwaminifu anayefuata. Afisa wa ubalozi si adui. Ni mtu aliyepewa dakika chache na rundo la faili. Isitoshe, Afrika yenyewe haijajifungulia milango. Umoja wa Afrika ulipitisha itifaki ya watu kusafiri kwa uhuru barani mwezi Januari 2018, lakini nchi zilizoiridhia ni chache mno, Rwanda ikiwa mojawapo, na idadi ya 15 inayohitajika ili itifaki ianze kutekelezwa haijafikiwa. Ni muhali kumlaumu wa mbali kwa mlango uliofungwa ilhali wa kwako una komeo.

Hata hivyo, Kenya ina jambo moja la kuwafunza wengine. Kuanzia Januari 2024, viza ya kuingia nchini iliondolewa na mahali pake pakachukuliwa na idhini ya usafiri inayoombwa kwa intaneti, ambayo ada yake ya kwanza ilikuwa dola 30. Mwanafunzi wa Kijerumani anayekuja Lamu haulizwi iwapo ana shamba kwao au ameoa. Akitaka kufanya utafiti, anatakiwa kupata kibali cha NACOSTI, ambako huulizwa anachunguza nini na anashirikiana na taasisi ipi ya hapa. Hilo ndilo swali linalomstahiki msomi. Kibali hicho kina usumbufu wake, lakini humpima mtafiti kwa utafiti wake.

Tufanyeje basi? Kwanza, vyuo vinavyoandaa makongamano ya Kiswahili ng'ambo visikomee kwenye barua ya mwaliko. Vimdhamini mgeni wao kwa maandishi mbele ya ubalozi, na vitoe mialiko angalau miezi sita kabla, kwa kuwa maombi ya viza ya Schengen huruhusiwa kuwasilishwa mapema kiasi hicho. Pili, makongamano hayo yawe yakizunguka: mwaka mmoja Bayreuth, mwaka mwingine Eldoret, Zanzibar au Bujumbura. Katika Afrika Mashariki, Itifaki ya Soko la Pamoja imekuwapo tangu Julai 2010, na tangu mwaka 2014 Mkenya, Mganda na Mnyarwanda wanaweza kuzuriana kwa kitambulisho cha taifa tu. Fursa hiyo tunaitumia kwa uchache wa kutia aibu.

Tatu, vyuo vyetu vitambue kwamba barua ya msajili inayoeleza kuwa mwanafunzi fulani ana tasnifu ya kutetea tarehe fulani ni hati yenye uzito. Leo mwanafunzi huisubiri barua hiyo kwa wiki kadhaa, akitumwa kutoka ofisi hii hadi ile, mpaka siku ya miadi ubalozini inampita. Hatuwezi kuwataka wageni watuamini haraka kuliko tunavyoaminiwa na vyuo vyetu wenyewe. Nne, chama chetu kianzishe daftari la waliosafiri na kurejea: nani alialikwa wapi, aliondoka lini, alirudi lini, aliandika nini. Baada ya miaka michache, daftari hilo litakuwa ushahidi ambao mwanafunzi asiye na shamba ataweza kuuambatisha kwenye ombi lake.

Balozi nazo zina wajibu. Kisanduku kilichotiwa alama hakimfunzi mwombaji chochote. Akielezwa kwa sentensi mbili ni shaka gani hasa iliyomponza, ataweza kuiondoa au kukubali kwamba haiondoki. Na pale ambapo chuo cha huko kimejifunga kugharamia ziara, na chuo cha hapa kimethibitisha tarehe ya kurejea, ukosefu wa hatimiliki usitoshe kuzifuta ahadi za taasisi mbili.

Lugha yetu ilienea kwa safari. Majahazi ya kaskazi na kusi yalileta maneno, vyombo na vitabu. Hayohayo yalibeba pia watumwa, na hatuna haja ya kuipamba historia hiyo. Lakini hakuna lugha iliyopata kukua kwa kujadiliwa na wageni peke yao huku wenyewe wakisubiri nje ya ukumbi. Tusiombe mlango uachwe wazi kwa kila apitaye. Tudai tu kwamba msomi aulizwe habari za jembe lake, nalo ni kalamu, kabla ya kuulizwa habari za shamba la babu yake.