Mlinzi wa usiku asilishwe sumu

KATIKA vijiji vya machimbo kama Rwamgasa, wilayani Geita, mbwa si pambo. Ndiye mlinzi wa duka usiku na wa zizi la mbuzi. Mshahara wake ni ugali uliobaki, na siku usipobaki hulala njaa.

Kwa mfugaji wa namna hiyo, mboga zinazobaki sokoni ni msaada. Karoti, tango na kabichi kidogo mbwa anaweza kula mbichi, mradi zioshwe na kukatwa vipande vidogo asije akapaliwa. Hata hivyo, mboga ni kitafunio tu. Isizidi sehemu moja kati ya 10 ya chakula chake cha siku. Nguvu ya kulinda ataipata kwenye ugali uliochanganywa na dagaa au nyama.

Tatizo ni kwamba wengi hudhani kinachomfaa binadamu kinamfaa na mbwa. Si kweli. Kitunguu, kiwe kibichi au kilichopikwa, huharibu chembe nyekundu za damu ya mbwa. Baada ya siku chache fizi hupauka, mnyama hulegea na anaweza kufa. Mabaki ya mchuzi wa mama lishe yaliyojaa vitunguu yasimwagwe kwenye sahani yake. Gunzi la mahindi nalo huziba utumbo.

Muhogo mbichi na kisamvu kibichi navyo ni vya kuepukwa. Sumu yake ni ya jamii moja na sayanaidi inayotumika kuchenjua dhahabu kutoka kwenye marudio.

Kwa Rwamgasa lipo jambo jingine zito zaidi, nalo ni zebaki. Kijiji hiki kilikuwa miongoni mwa maeneo ya mradi wa Umoja wa Mataifa kuhusu zebaki katika uchimbaji mdogo, miaka ya 2000. Mwaka 2020 Tanzania iliridhia Mkataba wa Minamata unaolenga kupunguza matumizi yake. Mji wa Minamata, nchini Japani, ulipata somo kwa uchungu. Kabla ya ugonjwa wa watu kuripotiwa rasmi mwaka 1956, paka waliokula samaki wenye zebaki walikuwa wameanza kuyumba na kufa. Wanyama walitoa ishara, lakini hakuna aliyeizingatia mapema.

Kwa hiyo bustani isilimwe kando ya mwalo wa kuoshea dhahabu, wala mboga zisimwagiliwe au kuoshwa kwa maji yake. Zebaki iliyoingia kwenye mmea haitoki kwa kusuuza. Mbwa naye awekewe maji safi nyumbani asiende kunywa kwenye madimbwi ya marudio.

Mbwa akianza kutetemeka au kuyumba, mwenye mali amwite bwana mifugo mapema, kisha ajiulize mboga zile zilitoka bustani gani. Huenda ndizo zilizo kwenye sufuria ya watoto wake. Kinga ni bora kuliko tiba.