Sonona ya Wazungu, au maneno ya mkoloni?

Kaa kijiweni, kahawa mkononi, useme fulani ana sonona. Watakucheka. Hayo ni maradhi ya Wazungu wanaoishi na paka. Sisi tuna ndugu, majirani, misiba na harusi kila wiki, mawazo ya kuugua tutayapata saa ngapi? Msemaji hujiona anautetea Uafrika. Kumbe anarudia maneno ya daktari wa serikali ya kikoloni.

Daktari huyo, J. C. Carothers, alikabidhiwa hospitali ya wagonjwa wa akili ya Mathari, Nairobi, mwaka 1938, wakati hajasomea magonjwa ya akili. Mwaka 1953 Shirika la Afya Duniani likamchapishia kitabu kuhusu akili ya Mwafrika. Humo alidai sonona kwetu ni nadra, na akathubutu kutufananisha na Mzungu aliyepasuliwa sehemu ya mbele ya ubongo. Mwaka uliofuata serikali ikachapisha kijitabu chake kinachoieleza Mau Mau kwa saikolojia, wakati watu walikuwa wanadai ardhi. Huyo ndiye shahidi wetu!

Tena hesabu zake alizitoa kwa waliofikishwa Mathari. Nani alifikishwa huko zama zile? Aliyepiga watu, aliyechoma nyumba, aliyevua nguo sokoni. Mama aliyeshinda kitandani kageukia ukuta hakumsumbua chifu, basi hakuna askari aliyetumwa kumchukua.

Mama huyo bado yupo. Anafika zahanati na daftari lake la matibabu, anasema kichwa kinamgonga, moyo unamwenda mbio, usingizi unakatika saa tisa usiku haurudi tena, chakula hakipandi. Anapimwa malaria, hana. Anaandikiwa dawa za taifodi hata hivyo, pamoja na panadol. Mwezi ujao anarudi, safari hii ni mgongo. Daftari linajaa, na hakuna ukurasa ulioandikwa kwamba aliulizwa kama bado anatamani kuishi. Mhudumu naye ni mtu wa kijiweni, amelelewa na imani ileile.

Waliotoka kuwatafuta wagonjwa wa namna hii waliwakuta. Nchini Nigeria, Adeoye Lambo na wenzake waliingia vijijini kwa Wayoruba, na ripoti yao ya 1963 ilionyesha dalili za sonona zimejaa tele. Zimbabwe, kuanzia 2006, Dixon Chibanda aliwafundisha mabibi wa Mbare, Harare, kukaa kwenye mabenchi nje ya kliniki na kuzungumza na wenye mawazo mazito. Utafiti uliochapishwa 2016 ulionyesha waliopitia benchi hilo walipata nafuu zaidi kuliko waliopewa huduma ya kawaida.

Sasa turudi kwenye huo undugu tunaojivunia. Mabibi wa Mbare wanauliza, wananyamaza, wanasikiliza hadi mwisho, kisha wanamsaidia mtu kuchagua tatizo moja la kuanza nalo. Ndugu zetu sisi, ukiwaambia hulali, watakuambia uswali, ufunge, uache uvivu, wenzako wana makubwa zaidi. Halafu watakukumbusha mchango wa harusi hujatoa.