TREKTA BILA KITABU NI CHUMA TU

Ndugu wanachama, tukumbuke Kongwa. Mwaka 1947 Waingereza walileta matrekta ya kulima karanga, mengi yakiwa mabaki ya vita. Ardhi ilikuwa ngumu, mvua haba, mashine zikafa ovyo. Mwaka 1951 mpango ukazikwa na mamilioni ya pauni. Lawama si ya dereva aliyepewa usukani kabla ya kufundishwa sawasawa.

Leo mkulima wa pamba wa Bunda anakodi trekta. Oili ibadilishwe lini, grisi itiwe wapi, yote yamo kitabuni. Lakini kitabu mara nyingi ni cha Kiingereza, tena kimefungiwa kabatini. Mvua haimngoji fundi.

Wana Musoma, Bunda na Butiama, tudai jambo moja: trekta lisipokelewe bila kitabu cha Kiswahili, nacho kikae mkononi mwa dereva. Kisomo ndicho spea ya kwanza.