Meli ya mbolea yaonekana, mfuko Same haujulikani

MKULIMA wa tambarare za Same huitazama Milima ya Upare kujua kama masika yanakaribia. Ishara ya mbolea, hata hivyo, hutoka baharini, katika meli ya shehena ya kichele inayoelekea Dar es Salaam au Tanga.

Siku hizi meli hiyo haifichiki kwa urahisi. Kanuni za kimataifa zinaitaka kila meli ya mizigo yenye ujazo wa tani 300 na zaidi, inayosafiri baina ya nchi, iwe na mtambo unaotangaza jina lake, mahali ilipo na mwendo wake. Mwenye intaneti mjini Same anaweza kuifuatilia. Namba yake ya IMO, yenye tarakimu saba, haibadiliki hata meli ikiuzwa au ikibadilishiwa bendera.

Sifa nyingine muhimu ni kina ambacho meli imezama majini. Tanga, kabla ya upanuzi, maji karibu na gati yalikuwa na kina cha takriban meta tatu. Meli zilitia nanga mbali na shehena ikavushwa kwa matishari. Baada ya kina kuongezwa hadi meta 13, meli kubwa zinaweza kufunga gatini.

Lakini mtambo hausemi kila kitu. Kina na bandari inakokwenda meli huingizwa kwa mikono ya mabaharia, na vinaweza kuwa vya zamani. Wala safari haina dhamana. Rubymar, iliyobeba zaidi ya tani 21,000 za mbolea, ilishambuliwa na Wahouthi Februari 18, 2024, ikazama Machi 2 katika Bahari ya Shamu.

Mwaka 2017 Tanzania ilianza utaratibu wa kuagiza mbolea kwa pamoja, uliowezesha meli moja kubeba matumaini ya wilaya nyingi. Ikishafunga gatini, shehena hupakuliwa, hutiwa katika mifuko na kusafirishwa. Huko ndiko ufuatiliaji wa wazi unapokoma.

Hapo ndipo penye kasoro. Dunia inaiona meli ikiwa katikati ya bahari, ilhali mkulima wa Same haoni mfuko wake uko ghala gani. Kwake, mbolea inayofika baada ya mvua ni sawa na ile iliyozama.