Mzabuni Hajichagui

Kila mradi ukikwama tunasikia kilio kilekile: mkandarasi ametuangusha. Mashine hazijafika, programu ya mauzo inagoma kila mwisho wa mwezi, jengo limeishia kwenye linta, na mwenye kampuni hapokei simu. Tunamwita tapeli, tunamtishia mahakama. Sawa, huenda ni tapeli kweli. Lakini aliingiaje? Mzabuni hajichagui. Kuna watu waliketi mezani, wakanywa chai ya kikao, wakachukua posho na kuweka saini. Leo nasema na hao.

Tukumbushane sakata la Richmond hapa Tanzania, maana nchi hii ni hodari wa kusahau. Mwaka 2006 ukame ulikausha mabwawa, Mtera likiwemo, tukaingia kwenye mgawo wa umeme. Ikatafutwa kampuni ya kuleta mitambo ya dharura ya megawati 100, na kazi ikapewa Richmond, iliyojitambulisha kuwa ya Houston, Texas. Mitambo ikachelewa hadi mvua zikarudi. Mkataba ukahamishiwa kampuni nyingine, Dowans. Februari 2008 kamati teule ya Bunge chini ya Dk. Harrison Mwakyembe ikasoma ripoti yake: kampuni ile haikuwa na uzoefu, utaalamu wala uwezo wa fedha. Waziri Mkuu Edward Lowassa akajiuzulu, huku akilalamika kwamba kamati haikumhoji. Mawaziri wawili nao wakajiuzulu, na Baraza zima la Mawaziri likavunjika. Bili haikuvunjika. Mwaka 2010 wasuluhishi wa Chemba ya Kimataifa ya Biashara waliliamuru shirika la umeme, TANESCO, liilipe Dowans takriban shilingi bilioni 94.

Siasa yake ilishaandikwa sana. Kinachonichoma mimi ni udogo wa maswali yenyewe. Mmewahi kuifanya kazi hii wapi? Mafundi wenu ni nani? Pesa mnazo? Mwenye duka la jumla Kariakoo huyauliza kabla ya kumkopesha mtu katoni kumi za sabuni. Sisi tulisubiri zaidi ya mwaka mmoja na nusu, Bunge ndilo likaja kutujibia.

Na msiniambie ilikuwa dharura. Dharura ndiyo kichaka wanachojificha wote. Giza likiingia, kila mwenye kadi ya biashara anageuka mtaalamu wa mitambo, na anayethubutu kuhoji anaambiwa anakwamisha maendeleo. Wakati wa dharura ndipo unapotakiwa umwendee yule uliyekwisha kumwona akifanya kazi, si mgeni mwenye barua nzuri.

Wakenya wasitucheke. Wao wana Anglo Leasing. Kampuni ya Kifaransa ilitaja yuro milioni 6 kwa mfumo wa pasipoti. Kazi ikaenda kwa Anglo Leasing kwa yuro milioni 30, nayo ingewapa Wafaransa walewale waifanye. Dalali analipwa mara tano ya fundi, na kazi anafanya fundi! Kashfa ililipuka mwaka 2004, lakini mwaka 2014, Kenya ilipotaka kukopa kwenye soko la dunia, ilibidi kwanza itoe shilingi bilioni 1.4 za Kenya kuzilipa kampuni zilizokuwa na mikataba ya aina hiyo.

Wewe wa sekta binafsi unayetikisa kichwa kwa huruma, usijione msafi. Profoma tatu ulizoambatanisha kwenye faili, zenye mihuri mitatu na anwani tatu, zilichapwa steshenari moja, na unajua. Au umemchukua shemeji. Au, na hili ndilo la wengi, umemchukua wa bei ya chini kabisa ukajiona mjanja. Huyo wa bei ya chini hajakupunguzia kitu. Ameingia kwa bei ya kuingilia. Ukishabomoa ukuta wa zamani na huwezi kurudi nyuma, anakuletea orodha ya kazi za nyongeza: nondo zimepanda, udongo ni tofauti, hili halikuwemo kwenye makubaliano. Utalipa. Wenzako wote wamelipa.

Ajabu ni kwamba mtu huyohuyo, akiwa soko la Karume anachagua shati la mtumba, hulinyoosha juani, akakagua kwapa, akavuta mishono, akatoka na kurudi. Shati la elfu tano! Kwa mradi wa milioni hamsini anaridhika na kabrasha lenye picha za majengo, ambayo hata hajui yako mji gani.

Nenda kwenye karakana yake bila kumtaarifu. Aliyesajiliwa Bodi ya Usajili wa Makandarasi ana daraja lake; uliza ni la ngapi na linamruhusu kazi ya thamani gani. Mtake akupe majina ya wateja wake, kisha mtafute yule ambaye hakumtaja, aliyeachana naye katikati ya kazi. Huyo ndiye atakayekuambia ukweli. Kama ni programu, iandikwe kabla ya shilingi ya kwanza kwamba taarifa za wateja wako na nywila kuu ni mali yako, maana wapo waliobaki mateka wa kijana mmoja aliyehamia kazi nyingine. Na lipa kwa hatua. Anayetaka asilimia themanini kabla ya kuanza hana mtaji, na kwa maana hiyo wewe ndiye benki yake.

Serikalini tuna mfumo wa zabuni za mtandaoni wa NeST tangu 2023, na nauunga mkono, maana mambo ya bahasha yalituchosha. Ila mfumo husoma kilichopakiwa. Hauendi uwanjani kuona kama kijiko kilichoandikwa kwenye fomu kipo au kiliazimwa kwa ajili ya picha. Kenya nako, sheria ya ununuzi ya 2015 inairuhusu kamati ya tathmini kumchunguza mshindi kabla ya kumpa kazi. Inaruhusu tu, hailazimishi.

Ilazimishwe, huko na hapa. Pasiwe na mkataba bila ripoti ya aliyekwenda kumwona mzabuni kwa macho, yenye jina na saini yake. Mradi ukianguka, tuanze na huyo aliyesaini, kabla hatujamtafuta mkandarasi.