Kura ya Beni

Wakubwa hupenda kusema kwamba raia hawajui demokrasia bado, lazima wafundishwe. Twawajibu: tazameni Beni.

Tarehe 26 Desemba 2018, siku nne tu kabla ya uchaguzi, tume ilitangaza kwamba Beni na Butembo watangoja mpaka Machi 2019, kwa ajili ya Ebola na vita. Lakini masoko yalikuwa wazi, na makanisa vilevile. Je, ugonjwa ule ulikaa katika chumba cha kura peke yake? Tena rais mpya aliapishwa tarehe 24 Januari. Machi wakachaguliwa wabunge tu. Kiti kikubwa kilikuwa kimekwisha kukaliwa.

Waliovamia kituo cha Ebola kwa hasira walikosa, hatuwatetei. Lakini tarehe 30 Desemba watu wa Beni walipanga mistari wenyewe, wakanawa mikono, wakapiga kura ambayo serikali haikuihesabu. Wengine wakaiita mchezo wa watoto. Mchezo! Kodi za Beni hazikungoja Machi.

Basi twaiuliza serikali: nani aliwapa ruhusa kumchagua rais pasipo watu hawa? Jibu halijatufikia.